Kuku wa Ufukweni, Bila Bukari

Asubuhi moja katika miaka ya sabini niliondoka Mwansabombwe kwa sababu miguu ilikuwa inaniwasha kwa hamu ya safari. Mwenye baiskeli aliyekuwa akirudi Kabuta na matenga matupu ya samaki alinipakia. Kutoka hapo nilitembea kando ya ziwa, na alasiri nikafika Nchelenge, nisikomjua mtu.

Niliuliza pa kulala. Nikaelekezwa kwa mama mmoja mfanyabiashara, aliyevuka ziwa kutoka Zaire na mwenye chumba kisicholalwa na mtu.

"Unajua kupika?" akauliza.

"Najua, mama."

"Dokotere ananikataza bukari," akasema, akimaanisha ugali. " Sukari iko mu damu. Kuku tupu inanishinda. Unipikie na majani. Nikiimaliza, utalala hapa. Ikinishinda, utalala ku njia na imbwa."

Nilimchinja jogoo wake nyuma ya nyumba, pale wanawake walipotumbulia samaki. Kuku walikuwa wakigombania matumbo, midomo imelowa damu. Nilipoipasua firigisi, ikamwaga magamba, macho ya samaki na uji wa kijani. Mafuta yalikuwa ya manjano mabivu, yakinuka kama mtumbwi uliosahaulika juani. Yalinigandia vidoleni. Niligeuka nikatapika.

Mama alicheka hadi akashika mlango. "Ee! Bwana Muzungu, kuku inakuogopesha?"

Hapo nikaelewa kilichokuwa kikimshinda. Mwenye bukari humeza tonge, na harufu inapita nalo. Yeye hakuwa na tonge la kuifichia.

Nikayabandua mafuta yote, nikamsugua kuku kwa chumvi na limau, nikamchemsha kidogo, kisha nikayamwaga maji yale ya kijivu yenye povu.

"Unamwanga supu yangu! Weye ni mwizi ao mupumbafu?"

"Supu hiyo ndiyo inayokushinda, mama."

Akaja na kigoda akakaa karibu, mikono kifuani. Nikakaanga vitunguu na tangawizi, nikarudisha nyama, nikatia nyanya, mchaichai uliopondwa na konzi mbili za lumba-lumba, jani linalonukia alilolipanda kando ya kisima. Maji nusu kikombe, kifuniko, moto mdogo. Kila nilipofunua, pua yangu iliutafuta ule uvundo chini ya majani.

Alikula kwa vidole, taratibu. Paja. Kifua. Akavunja mfupa, akafyonza.

"Na weye?"

"Siwezi, mama. Nimeona alichokula jogoo huyu."

"Hata miye nimeona. Kila siku naona." Akatema kipande cha mfupa, akaufuta mchuzi wa mwisho kwa kidole. "Kesho utamufunga yule jogoo mwekundu, umulishe pumba ya mahindi siku tano mbele ya kumuchinja."

Kisha akasimama na kunifungulia chumba. Mikeka ya dagaa kavu ilifunika nusu ya sakafu, na inzi walikuwa juu yake. Nikaisogeza kwa mguu, nikatandika blanketi langu.