Muhula Ambao Kukhu Alisoma Darasa la Nne

Avokado iliyokomaa ikianguka juu ya mabati hutoa mlio wake wa pekee. Kwanza kishindo kimoja kizito, halafu mkwaruzo wa kubingirika, halafu kimya, halafu miguu ya mtu anayekimbia nje kuiokota kabla ya jirani. Watu wengi wakisikia mlio huo hufikiria ugali moto na chumvi kidogo. Mimi hupiga magoti. Juzijuzi niliwatembelea wakwe wa dada yangu karibu na Bokoli, tumekaa sebuleni kwa heshima zote, vikombe vya chai mkononi, na avokado ikaanguka juu ya paa lao. Nilipojitambua nilikuwa tayari chini ya meza, chai imemwagikia kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Mama mwenye nyumba aliniuliza kwa upole kama nimeangusha kitu. Nikasema ndiyo, hereni. Siku hiyo sikuwa nimevaa hereni.

Mambo haya yalianzia Kitale, nikiwa darasa la nne. Shule yetu ya msingi ilipakana na sekondari ya wavulana, na kati yetu palikuwa na ua wa michongoma wenye matundu ya kupitisha ng'ombe. Mchana mmoja wale wavulana waligoma. Wengine walisema ni kwa sababu ya maharagwe yenye wadudu, wengine ati walinyimwa siku ya filamu. Sisi hatukuulizwa. Tulikuwa tukiimba ngeli kwa sauti moja, mara mawe yakaanza kunyesha juu ya mabati. Mwalimu alituamuru tulale sakafuni, na yeye akawa wa kwanza kulala. Jiwe moja lilipita dirishani likampata Chebet, jirani yangu wa dawati, hapa juu ya nyusi, na damu yake ikadondokea daftari langu. Mwalimu mkuu, tulisikia baadaye, alikuwa amejifungia stoo pamoja na majembe na mipira, na alipotoka alitangaza kwamba hali imedhibitiwa. Chebet alishonwa, na wiki iliyofuata akarudi shuleni akionyesha kovu lake kwa yeyote aliyetaka kuliona na kwa wengi wasiotaka. Mimi, ambaye sikuguswa hata na kokoto, sikurudi.

Mama yangu aliuza nguo za mitumba sokoni, na hakuwa mtu wa kubembelezana. Hata hivyo alijitahidi. Alinipa mandazi, nikala, nikakataa kwenda. Alichukua fimbo, nikachapwa, nikakataa kwenda. Alimwita mchungaji, ambaye aliniombea kwa sauti kubwa kiasi kwamba nilijificha nyuma ya kochi nikidhani wale wavulana wamefika. Kila mtu aliniambia neno lile lile, kwamba hawatakuja tena. Nami nilikuwa na swali langu moja, "Wamekuambia?" Na kwa kuwa sikukubali pia kubaki nyumbani peke yangu, Mama alishinda na mimi huku kibanda chake kimefungwa na wateja wakihamia kwa jirani. Mwishowe alinifungia nguo kwenye mfuko, akanipeleka kwa wazazi wake upande wa Chwele, akaniambia mbele yao: "Ukimaliza huu muhula ukiwa ndani ya darasa, nakuja kukuchukua. Ukishindwa, utabaki hapa ukichunga ng'ombe za Kuka mpaka uolewe." Nilimpenda mama yangu kupita kiasi, na ng'ombe wa Kuka, yaani babu yangu, walikuwa na pembe. Nililia mpaka gari alilopanda likapotea.

Kukhu, yaani nyanya yangu, alikuwa mwanamke mnene, mweusi tii, mwenye kopo la ugoro kifuani na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Kama ilivyo desturi kwetu, babu humtania mjukuu wa kike kuwa ni mke wake mdogo, na nyanya humwita mke mwenzake. Hivyo Kukhu hakuniita Nekesa ila akikasirika. Jumatatu asubuhi alinishika mkono mpaka mlangoni pa darasa la nne la shule ya pale, nami nikaung'ang'ania mlango kama kupe. Mwalimu Simiyu, kijana mwembamba mwenye adabu nyingi, alijaribu kunibandua kidole kimoja kimoja. Kukhu akatazama, akachoka. "Mwalimu, wachana na yeye," akasema. "Mimi nitaingia na mke mwenzangu." Mwalimu akaeleza kwamba sheria haziruhusu. Kukhu akasema hajavunja sheria yoyote, akaketi nje chini ya dirisha, nami nikakubali kukaa ndani mradi nione kitambaa cha kichwa chake. Adhuhuri mvua ya Mlima Elgon ikashuka. Mwalimu Simiyu alivumilia kumtazama mama wa watu akilowa kwa muda mfupi sana, kisha akamfungulia mlango. Kukhu akaingia, akajipenyeza kwenye dawati letu, akabaki humo kwa sehemu kubwa ya muhula.

Sijui kama kuna mwanafunzi aliyewahi kuvuruga darasa kwa moyo mweupe kama yule. Alichambua maharagwe kwenye ungo wakati wa Hisabati. Jina langu likiitwa kwenye rejista alijibu yeye: "Yuko, nimemleta mwenyewe." Alininong'oneza majibu, yote ya uongo, nami kwa kumheshimu niliyaandika, nikapata sufuri. Mwalimu alipomkanya, aliinamisha kichwa kama sisi wengine, kisha akamfinya aliyecheka. Kwenye somo la Kiingereza alilala, na alikuwa na mkoromo wa kuanza polepole na kupanda. Siku aliyofungua kopo la ugoro karibu na dirisha, upepo ukavuma kuelekea ndani, darasa zima likapiga chafya hadi kengele ya mapumziko, Mwalimu Simiyu akiwa anaongoza. Watoto walimpenda kufa. Kwa upande wake Kuka hakufurahishwa. Kila jioni alikuwa anatungojea langoni akilalamika kwa wapita njia kwamba wake zake wawili wamejiunga na shule siku moja na yeye anakula viazi vya jana.

Mwanzoni nilikuwa na raha. Kwa nini niogope, na Kukhu amekaa ubavuni kwangu na mikono yake ile minene kama mchi? Lakini baada ya muda nikaanza kuona aibu. Uwanjani waliniita Mke Mwenza. Kukhu alimsimulia msichana wa dawati la mbele kwamba siendi chooni bila kusindikizwa, na kufikia saa ya chakula habari hiyo ilikuwa imefika darasa la nane. Nilimchukia kidogo, nikamhitaji sana, na hayo mawili yakakaa ndani yangu pamoja. Nilitamani aondoke. Kisha nikawaza mawe, nikamshika gauni.

Nyuma ya darasa letu ulikuwepo mti wa avokado, na mimi mgeni sikuuzingatia mpaka matunda yalipokomaa. Tulikuwa tunasoma kifungu cha ufahamu pale moja lilipoanguka juu ya mabati. Darasa zima liliruka na kutoka mbio mlangoni, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kuliokota, na Mwalimu Simiyu nyuma yao akipiga kelele warudi. Mimi nilijitupa chini ya dawati. Na pale chini, kwa mshangao wangu, nilimkuta Kukhu. Alikuwa ametangulia. Mwili wote ule aliukunja akauingiza mahali pa kuweka miguu, kitambaa kimemteleza, maharagwe yametapakaa, macho ameyafumba, na mkono aliponishika ulikuwa unatetemeka. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akitetemeka. Nilisahau kabisa kutetemeka mimi.

"Kukhu," nikamwambia, "ni avokado."

"Umeiona?"

"Sijaiona. Lakini si unasikia wanaigombania?"

Akasikiliza. Nje palikuwa na vita vya avokado kweli. Akafumbua jicho moja, akajaribu kutoka, akashindwa. Kukhu alikuwa amenasa. Watoto waliporudi na Mwalimu, walituona tulivyo, na kikafuata kimya cha watu wanaojizuia. Walilinyanyua dawati wavulana sita, Mwalimu akavuta kutoka upande wa kichwa, mimi nikisukuma, na Kukhu akatoka akiwa amekwaruzwa kiwiko, akajifunga kitambaa, akamwambia Mwalimu Simiyu kwamba dawati la serikali siku hizi ni dogo.

Jioni nikarudi nyumbani na Kukhu. Tulipofika kwenye kijito alisimama akanitazama. "Nekesa, mimi hiyo shule sirudi. Siku hiyo kitu itaanguka tena, roho yangu itatoka." Nikamwambia kwa ukali kwamba ni tunda tu, mti upo pale pale, hata kesho anaweza kuuangalia. "Sawa," akasema, "leo ni avokado. Na kesho kama si avokado?" Lilikuwa swali langu lile, nililomsumbua nalo mama yangu mpaka akafunga kibanda, na sasa limeletwa kwangu na mtu mzima aliyetaka jibu. Singeweza kumwambia hawatakuja. Nani aliniambia? Nilifikiria mpaka tukaliona paa la nyumbani, na nilichopata ni hiki tu: "Basi wewe kaa. Mimi nitaenda niangalie, nikirudi nikuambie."

Kesho yake nilikwenda peke yangu. Niliketi karibu na mlango. Avokado mbili zilianguka, na mara zote mbili nilishuka chini ya dawati, nikahakikisha, nikapanda tena. Jioni Kukhu alikuwa amekaa jikoni akipepeta mtama. "Leo?" akauliza. Nikasema hakuna kitu. "Uliangalia vizuri?" Niliangalia vizuri. Akashusha pumzi kama aliyetua mzigo. Ikawa hivyo kila jioni, nami nikatoa taarifa yangu kwa fahari yote ya afisa aliyetumwa. Polepole taarifa ikarefuka, maana kuangalia shule siku nzima humwonyesha mtu mengi. Nani kapigana na nani. Mwalimu Simiyu kavaa soksi zisizofanana. Mimi nimekuwa wa tano kwenye Hisabati, sasa kwa kuwa hakuna anayeninong'oneza. Ikafika jioni moja nilizungumza mpaka ugali ukaiva, na nilipolala ndipo nikakumbuka kwamba sikutaja usalama hata kidogo. Kukhu hakuuliza.

Mama alikuja muhula ulipofungwa, akanikuta juu ya mti wa avokado, akanichapa kwa kupanda mti nikiwa na sare, kisha akanikumbatia muda mrefu kuliko alivyowahi. Nilirudi Kitale. Sitadanganya kwamba nilipona. Kila nilipopita ule ua wa michongoma viganja vililowa jasho. Lakini nilipita.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimejifunza kuwashuku watu wazima, nilimuuliza Kukhu kama siku ile aliogopa kweli ama alinichezea tu. Alivuta ugoro, akapiga chafya, akaniuliza kama nimemletea sukari. Niliondoka nikiwa na hakika kwamba ilikuwa hila, tena hila safi, na kwa miaka nimewasimulia watu hivyo. Nikasema mwanamke yule hakusoma lakini alijua saikolojia. Watu wakatikisa vichwa, wakamsifu.

Sasa naishi Kitale na mwanangu Baraka, aliye na miaka tisa. Shule yake ina ukuta wa mawe, seng'enge juu, na askari anayepitisha kifaa kwenye mabegi ya watoto kama wanaingia benki. Sisi tulikuwa na ua wenye matundu na mwalimu mkuu stoo. Hata hivyo hofu iliruka ukuta wote ule. Kikundi cha wazazi kwenye simu kilisambaza video ya bweni linaloungua mahali fulani, mtu akaandika ati ni karibu na sisi, na Baraka akaiona kabla yangu. Jumatatu alikataa kutoka kitandani. Mwalimu wa ushauri nasaha aliniambia mambo ya busara: nimwache aseme, nisimcheke, nimfungie zile video, nisimwahidi nisichoweza kutimiza. Niliyafanya. Baraka alisema yote, nikasikiliza yote, akavuta blanketi. Nikamwambia basi, nitakuja nikae nawe darasani siku nzima, kwenye dawati lako, na kazi yangu ya kufuma nije nayo. Akaketi wima. "Mama, tafadhali. Si watanicheka mpaka nimalize shule?" Alivaa viatu bila kufungua kamba. Nilijipongeza moyoni. Nikajiona mjukuu wa Kukhu hasa.

Nilimfikisha langoni. Askari akapitisha kifaa chake, Baraka akaingia, na hakugeuka. Lango likafungwa kwa kishindo cha chuma, nami nikataka kuondoka, na miguu ikakataa. Mikono ilianza kutetemeka. Nilikuwa nimemwambia mtoto akae mahali ambapo mimi mwenyewe siwezi kuahidi lolote, na yeye amekwenda. Hapo, nimeegemea ukuta wa shule, ndipo nilipojua kwamba chini ya lile dawati Kukhu hakuwa akiigiza. Aliogopa vilevile, tangu siku ya kwanza, tena kwa ajili yangu, akaja na maharagwe yake akakaa.

Askari akanikaribia. "Mama, kuna shida?"

Nikamwambia hakuna, namsubiri mtoto.

Aliangalia saa yake, akaniangalia mimi. Ilikuwa saa mbili asubuhi.