Leo Bwana Shamba Amesema "Labda"

Wenzangu wa Iringa, leo Mzungu wetu amekubali kwamba siku ya kufika haijulikani mapema!

Mnajua mimi ndiye karani wake hapa Mbeya. Wiki iliyopita nilimtungia barua ya Kiingereza kwenda kwa jumbe wa Rujewa: tutafika labda Jumatano, kama barabara itakuwa kavu.

Akaikata "labda" yangu kwa wino mwekundu. "Serikali haisemi labda!"

Haya. Mwaka jana tuliandika siku kamili, jumbe akatuchinjia dume la ng'ombe, gari letu likakwama matopeni. Nani alimwomba radhi? Si Bwana.

Basi nikapiga taipu Jumatano, kama alivyotaka. Alipokwisha kutia sahihi, pembeni, kwa penseli, nikairudisha "labda" yangu. Angeiona, ningefukuzwa kazi.

Leo ndiyo Jumatano. Saa nane Bwana karudi juu ya lori la mpunga kutoka Rujewa, tope hadi magotini. Gari lake limekwama njiani, hata Rujewa hakufika.

Dereva wa lori akatoa jibu la mwalimu anayemsomea jumbe barua zetu. Bwana akalipokea yeye, akalisoma kwa sauti!

"Tumeona penseli. Hatuchinji mpaka tuwaone."



"Penseli gani, Karani?"

Nikaweka karatasi mpya kwenye taipu. Akanitazama, akatazama buti zake, akakaa.

"Andika nyingine. Tutakwenda Ijumaa."

"Ijumaa, Bwana, au labda Ijumaa?"

Ninyi mngethubutu kuuliza?

"Labda," akasema.

Nimeipiga kwa taipu, kwa herufi kubwa.