Wimbo Uliopigiwa Makofi

Idella alianza kazi ya meli akiwa na miaka hamsini na nane, na hakuipenda hata siku moja. Lakini nani angempa nyingine? Kiwanda alikokuwa akipasua samaki wa samoni tangu ana miaka kumi na tisa kilifungwa, mashine zikapakiwa kwenye tishari zikaenda zao kusini, na wanawake arobaini wakabaki na visu vyao na migongo inayouma. Huku visiwani Alaska, kiwanda kikishafungwa zinabaki meli za watalii. Basi Idella akajiandikisha, akapewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, akaambiwa atabasamu.

Kazi yenyewe ilikuwa kuongea. Kampuni ilitaka Mtlingiti wa kweli, mwenyeji wa asili wa visiwa hivi, mwenye blanketi la sherehe lililoshonewa vifungo mgongoni, wa kuwasimulia abiria mambo ya kale safari nzima. Siku nne meli inapenya katikati ya visiwa. Siku ya tano inasimama mbele ya ukuta wa barafu. Kisha wanapakiwa kwenye treni yenye paa la kioo, wanapelekwa bara mpaka kwenye hoteli ya magogo chini ya ule mlima mkubwa, na huko wanazungushwa kwa mabasi kutafuta dubu. Idella anarudi kwa ndege kuchukua kundi jingine. Kwa majira mawili ya kiangazi alifanya hivyo, juma baada ya juma, na abiria wakamwuliza kila linaloulizika. Mmoja alitaka kujua kama wale dubu wa kando ya barabara ni waajiriwa.

Nyumbani aliyemchokoza zaidi ni Roscoe. Huyo alikuwa kaka yake Lorraine, na Lorraine ndiye mke wa Clayton, mdogo wake Idella. Kina Roscoe ni upande wa Tai, kina Idella ni upande wa Kunguru, na kwetu hawa huoa kwa wale na wale kwa hawa, kwa hiyo ni watani wa damu. Kila Idella aliposhuka bandarini, Roscoe alikuwa amekaa akimngoja pale kwenye benchi la posta.

"Haya shemeji," husema, "safari hii umewauzia babu yupi?"

"Wako," Idella anajibu. "Lakini walimrudisha. Walisema hafai hata bure."

Na wanacheka mpaka mwenye posta anatoa kichwa dirishani. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka yote.

Mwezi wa tatu wa mwaka wa tatu wa kazi hiyo, Clayton alikufa. Moyo ulimsimama akivuta kamba ya kuvulia samaki, peke yake mashuani, na waliomkuta walisema kamba ilikuwa bado imezunguka mkononi. Watani wakafanya kazi yao. Roscoe na ndugu zake ndio waliomwosha, waliochonga jeneza, waliopasua ardhi iliyoganda kwa sululu siku nzima, waliombeba. Mtu wa upande wa Kunguru hakushika koleo. Kwetu mfiwa hafanyi chochote, anakaa kwenye kiti analishwa.

Idella alikaa kwenye kiti hicho na hakulia. Watu waliona, wakasema moyo wake mgumu. Hawakujua kilio anakiweka. Katika nyumba yao kulikuwa na wimbo wa huzuni, wa nyumba ile tu, na desturi yake ilikuwa hii: marehemu huimbiwa mara moja, siku ya kuanua matanga, na watani wakishausikia husimama wakajibu kwa wimbo wao na maneno yao, na hapo ndipo huzuni inapotoka kifuani mwa mtu. Wasipojibu, unabaki nayo. Miaka yote aliyekuwa akiuanzisha ni mama yake Idella, naye alishafariki. Juma moja baada ya mazishi, mjomba Wilfred, kaka yake marehemu mama na mkuu wa nyumba ile, akamwita.

"Matanga tutayaanua mwezi wa kumi," alimwambia. "Wimbo utauanzisha wewe. Mpaka siku hiyo usiufungulie mdomo, hata jikoni kwako."

"Nimesikia, mjomba."

Hakuna kitu Idella alichokitaka zaidi ya hicho. Yeye ndiye aliyemlea Clayton, alimbeba mgongoni akiwa mwenyewe ana miaka tisa, alimfunza kutembea kwenye mawe ya pwani. Machozi yote ya mwezi wa tatu aliyafungia kwa ajili ya siku moja ya mwezi wa kumi, akarudi kazini akiwa amebana meno.

Mwezi wa saba, kwenye meli, alikutana na bibi mmoja aitwaye Marjorie. Alikuwa mkulima wa mahindi kutoka majimbo ya katikati, mwanamke mkubwa mwenye mikono ya kazi. Mumewe Gordon alikuwa ameipanga safari ile miaka sita, akafa mwezi wa nne, na watoto wakamwambia mama aende tu, tiketi zote mbili zimeshakatwa. Siku ya kwanza mhudumu aliondoa kiti cha pili mezani kwake. Marjorie akakifuata mwenyewe, akakirudisha. Idella aliyaona hayo akiwa amesimama na sahani, akaenda akauliza kama anaweza kukikalia. Kuanzia hapo walikula pamoja, wakatajiana wafu wao, bila kusema mengi.

Siku ya tano meli ilifika kwenye barafu asubuhi. Injini zikapunguzwa. Abiria walijaa sitahani na mablanketi mabegani na vikombe vya supu ya njegere mkononi, wakacheka, wakaipigia kelele barafu ianguke, kwa kuwa walikuwa wamelipia na hawakutaka kuondoka mikono mitupu. Sisi mbele ya barafu hatupigi kelele. Unaiamkia kama unavyomwamkia mkubwa wako, unaomba kupita, unanyamaza. Idella alifanya hivyo kila juma, midomo ikicheza bila sauti, na akiona aibu kuwa ndiye aliyewaleta hawa watu.

Marjorie alisimama karibu naye kwenye ukingo. Alikuwa ameshika kofia ya Gordon. Akamgeukia, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Kwenu huwa mnalia vipi?"

Idella angeweza kumjibu kwa maneno. Ndiyo kazi aliyoajiriwa. Badala yake alifungua mdomo na wimbo ukatoka. Na kipaza sauti kidogo cha kazi kilikuwa kwenye ukosi wake, taa yake ya kijani inawaka, na spika ziko kila mahali melini mpaka chooni. Alijua kipo. Msimtetee kwa hilo, maana mwenyewe hakujitetea. Miezi minne alikuwa amebana, na mjane huyu, mfiwa mwenzake, alimwuliza swali ambalo hata nyumbani hakuna aliyemwuliza.

Aliuimba wote, beti nne, macho yameelekea kwenye barafu. Alipomaliza tu, ukuta ukapasuka. Kipande kikubwa kuliko kanisa letu kiliteremka baharini kwa mshindo, maji yakapanda, meli ikayumba kidogo. Idella akashika ukingo akalia kwa sauti. Akashukuru kwa lugha ya mama yake, maana aliamini amejibiwa. Hadithi zote alizolelewa nazo zinasema barafu ina masikio, na mtu wa kwetu akiiimbia ikaanguka saa ile ile, atawaza nini kingine? Huo ndio ujinga wake, na ni ujinga wa kwetu kabisa, mgeni asingeufikia.

Wageni walipiga makofi. Walipiga na miluzi, mamia ya watu, wakainua simu zao. Mzee mmoja alisema kwa furaha kwamba mama aimbe tena, kianguke kipande kingine. Idella alisimama pale na machozi usoni akipigiwa makofi kama mcheza sarakasi, na taratibu akaanza kuelewa alichofanya.

Siku mbili baadaye walikuwa kwenye treni. Ilikuwa asubuhi ya chai na soseji, misitu inapita pande zote, na mawingu yakafunguka, ule mlima ukaonekana wote, mweupe mpaka juu. Hapo spika zikalia. Sauti yake mwenyewe. Kampuni ilikuwa imeinasa kwenye kile kipaza sauti, ikaichanganya na ngoma na filimbi ambazo hazikuwepo. Abiria wakatulia, wengine wakashikana mikono. Idella alisimama haraka hata chai ikamwagika, lakini kabla hajafika mbali Marjorie alimshika mkono, uso umejaa furaha.

"Mimi ndiye niliyewaomba waupige," alisema. "Kwa ajili ya Gordon. Na ndugu yako."

Utamfanya nini mtu kama huyo? Idella alikaa chini. Alimpigapiga mkono mpaka wimbo ukaisha.

Kisha akamtafuta Kirsten, msichana aliyekuwa mkubwa wa burudani, akamwomba aufute. Kirsten hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi. Alimletea karatasi ambayo Idella aliitia saini mwezi wa tano, pamoja na nyingine kumi na mbili, akamwonyesha mstari unaosema kila kinachosemwa na kuimbwa kazini ni mali ya kampuni. Abiria wengine walikuwa wameshautuma kwa jamaa zao tangu juzi, akasema, hata angetaka asingeweza. Akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Lakini watu walilia, Idella. Si ndicho mlichotaka?"

Idella alivua kitambulisho, akakiweka juu ya ile karatasi, akashuka kituo kilichofuata na begi lake moja.

Alikwenda kwa mjomba kabla ya kwenda kwake. Wilfred alikuwa na miaka themanini na nne, yuko kwenye kibanda cha moshi anageuza vipande vya samoni kwenye vijiti. Idella alimweleza yote, hakuruka kitu, wala habari ya kipaza sauti. Mzee aliendelea kugeuza samaki mpaka mwisho wa safu. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Nani alikujibu?"

"Barafu, mjomba. Ilianguka nilipomaliza."

"Barafu si upande wa Tai," Wilfred alisema. "Haikumzika Clayton."

Akamwambia aende akapumzike, yeye atakwenda kuongea na watani. Alivyoongea nao Idella hakuambiwa. Alichokiona ni kwamba Roscoe hakukaa tena kwenye benchi la posta. Walipokutana dukani alimpisha mlangoni, akamwuliza hali kwa adabu, akaenda zake. Idella alibaki na mkate mkononi. Mtani wako akianza kukuheshimu ujue umekwisha, na yeye alijua, ila hakutaka kujua. Mwezi wa nane na wa tisa alichuma matunda ya porini, akajaza chupa, akashona vifungo vilivyolegea kwenye blanketi. Alikuwa akijiambia mjomba hajasema hapana. Nani amekwambia usiimbe, Idella? Hakuna. Basi.

Mwezi wa kumi ukumbi wa mji ulijaa. Watu wa Tai walikaa kwenye meza ndefu kama wageni wanavyokaa, na wa Kunguru walizunguka wakiwahudumia nyama ya paa, samaki wa moshi, mafuta ya sili na mayai ya samaki yakiwa bado kwenye matawi ya miti yalikotagwa. Sahani ya Clayton iliwekwa motoni ikaungua yote, ili naye ale. Ilipofika saa ya kuimba, kina Kunguru walijipanga mbele, na Idella akasimama katikati yao na blanketi lake, mahali mama yake alipokuwa akisimama. Alikuwa ameshavuta pumzi.

Mjomba Wilfred aligonga fimbo sakafuni. Alisema wimbo wa nyumba yake hautaimbwa leo, wala siku nyingine, kwa kuwa umeshakwenda mahali ambapo hawezi kuufuata. Alisema watani walimzika mpwa wake kwa heshima na hawezi kuwapa kitu kilichokwisha kutumiwa. Ukoo una nyumba nyingine mtoni, na wazee wa kule wamekubali kutuazima wimbo wao. Hakutaja jina la mtu. Msichana mmoja wa ile nyumba ya mtoni alijitokeza, akasimama mbele ya Idella, na Idella akarudi nyuma hatua moja ili mwenzake apate nafasi.

Waliimba. Idella hakuyajua maneno, alisimama na mdomo umefungwa. Walipomaliza, upande wa Tai wote ukainuka, Roscoe mbele, wakajibu kwa wimbo wao na maneno ya kuondoa huzuni, mazuri, marefu, na Lorraine mjane akafunguliwa kitambaa cheusi kichwani akaanza kulia na kucheka pamoja. Watu walikumbatiana. Matanga yalikuwa yameanuliwa. Ukumbi mzima ulikuwa na nyuso za watu walioshushwa mzigo, na Idella akatafuta kifuani mwake akakuta hakuna kilichosogea.

Alimfuata mjomba jikoni, alikokuwa akisimamia zawadi za mwisho za watani.

"Mjomba, niruhusu niuimbe peke yangu. Huko nje nyuma, mtu asisikie. Sijamlilia ndugu yangu."

Wilfred alimtazama, na mzee macho yalikuwa mekundu, maana naye wimbo ule ulikuwa wa mama yake.

"Ulishamlilia," alisema. "Wakakupigia makofi."

Akampa sinia la machungwa, na Idella akalipokea kwa mikono miwili, akalipeleka kwenye meza za watani.