Mkono wa Mdogo Wangu Ndani ya Mashine

Mdogo wangu wa kike alikufa akiwa na miaka thelathini, na aliyesema kwamba amekufa ni mimi. Nalitanguliza hilo asije mtu akasema nimeficha. Naandika mwenyewe, polepole. Shule niliishia darasa la tatu, namba nazijua kuliko herufi, na waliojitolea kuniandikia nimewakatalia, maana wangeanza kunirembea.

Alikuwa mfupi, mwenye mdomo. Tulifanya kazi kiwanda cha redio, benchi moja, kiti kwa kiti, miaka tisa. Kazi yetu ilikuwa kulehemu. Unashika waya kwa koleo, unagusisha chuma cha moto, lehemu inayeyuka, moshi unakupiga usoni, unahamia mguu mwingine wa kipuri. Ukikaa sana kwenye kazi hiyo unaujua mkono wa kila mtu kama unavyomjua mtu kwa hodi yake. Kuna aliyejaza lehemu kama anayepaka siagi. Mdogo wangu alikuwa wa shoto, kwa hiyo mkia wa lehemu yake ulilala upande ambao wetu haukulala. Tena aliuzungusha waya mara mbili mguuni kabla ya kulehemu, jambo ambalo msimamizi alikwisha kulipiga marufuku, na nyaya zake alizifunga pamoja kwa uzi mwekundu wa kushonea. Fundo, upana wa kidole, fundo. Lilikuwa fundo la mama yetu la kufungia mikono ya vikapu.

"We dada, hii ni redio au ni ushanga?" msimamizi alimuuliza.

"Ikifunguka niite."

Haikufunguka hata moja.

Siku moja akasema anaacha kazi, anahamia mji wa pili akaweke meza yake mwenyewe ya kutengeneza redio. Baba na kaka hawapo, mkubwa ni mimi, nikasema hapana. Akaniambia, "Dada, sijaomba ruhusa. Nimekuja kuaga." Ulimi hauna mfupa. Nikamjibu, "Ukivuka kizingiti hiki, kwangu umekufa." Akavuka, na kibegi chake.

Siku ya tatu ikaja habari kwamba basi la njia ile liliwaka moto siku ileile aliyoondoka. Nilikwenda mimi hospitalini. Maiti waliobaki bila wenyewe walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa mwanamke mfupi, mkononi ana bangili ya shaba kama ya mdogo wangu, kama za nusu ya wanawake wa mji. Uso haukuwa uso. Mhudumu akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mimi sisemi jambo mara mbili. Mama alitaka kufunua amwone mwanawe, nikamzuia. Tukamzika kwenye makaburi ya ukoo, kando ya baba, na kila mwaka nililipalilia kaburi lile mwenyewe.

Kiwanda kikafungwa, mimi nikazeeka. Mtoto wa kaka yangu, mtu mzima mwenye upara wake, ana duka la vyumba viwili. Analetewa kompyuta za zamani za nyumbani, zile ambazo mashine yote imo chini ya vibonye, unaichomeka kwenye runinga, na programu inazisoma kwenye kanda ya kaseti. Wenye nazo ni watu wa mvi. Wanazileta zimeviringishwa kwenye taulo kama mtoto mchanga, wanataka ziongezewe nguvu: chipu za kumbukumbu, kibao cha kusomea kadi badala ya kaseti, tundu la runinga za siku hizi. Yeye anasoma michoro, mimi nalehemu. Akishika chuma yeye, anaunguza kuanzia mashine mpaka shati.

Asubuhi moja mwalimu mstaafu wa hesabu akaleta ya kwake. Kibao cha kadi kilikuwa kimekwisha kufungwa na mtu mwingine, yeye alitaka kumbukumbu tu. Nikafungua skrubu tano, nikainua kifuniko.

Nikakirudisha.

"Shangazi, vipi?" mtoto wa kaka akauliza.

"Mwanga mbaya. Sogeza taa."

Taa haikuwa na kosa. Nikainua tena. Nyaya saba, kila moja imezungushwa mara mbili mguuni, mkia umelala upande wa shoto. Na uzi mwekundu. Fundo, upana wa kidole, fundo.



"Hiki kibao ni cha lini?"

"Si namba hiyo hapo, shangazi. Mwaka juzi."

Namba nilikuwa nimekwisha kuiona. Nilitaka isemwe na mdomo wa mtu mwingine. Lehemu ikikaa miaka hufifia, ikawa kama jicho la samaki wa juzi. Hii ilimeta. Nikainamisha pua, harufu ya utomvu wa kulehemea ilikuwa bado imo. Mtu niliyemzika miaka ishirini na tisa iliyopita alikuwa amelehemu kitu kilichotengenezwa mwaka juzi.

Tukaiwasha kuijaribu. Runinga ikajaa alama ovyoovyo, kisha ikasafika, kikabaki kijisanduku kimoja tu kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kama mtu aliyekuita halafu akanyamaza.

"Nzima kabisa," mtoto wa kaka akasema.

Mimi nikaenda kunawa mikono. Nikanawa mara tatu.

Jioni mwalimu alipopita, nikamuuliza nani alimfungia kibao.

"Mama mmoja wa mji wa pili. Wanamwita Bibi Moshi. Lakini usimuulize maswali, atakurudishia mashine yako kabla hujamaliza."

"Mfupi?"

"Mfupi, wa shoto. Kwani unamjua?"

"Simjui," nikasema. Niliyemjua nilikuwa nimemzika.

Mwingine angepanda gari siku ileile. Sikwenda. Nikienda nikamkuta mgeni, nitakuwa nimemwua mdogo wangu mara ya pili. Nikimkuta ni yeye, basi mama yetu alikufa analilia uongo wangu. Nikaona bora nifanye kazi ninayoijua. Nikalehemu kumbukumbu ya mwalimu, nyaya nane, kwa mkono wangu, kama tulivyofundishwa, kando ya zile saba. Halafu nikamwambia, "Kabla hujaitumia, mpelekee huyo Bibi Moshi aikague."

"Kwani kazi yako ina kasoro?"

"Kazi yangu haina kasoro. Peleka."

Ilirudi baada ya wiki mbili, mwalimu amenuna. "Nimesafiri mara mbili kwa ajili yenu nyie wazee! Kaifungua, kaiangalia, kaiinamia mpaka nikadhani kasinzia. Kisha akaniambia njoo kesho. Basi. Hata karibu hakusema."

Nikainua kifuniko. Nyaya zangu nane zilikuwa zimefumuliwa. Zote nane. Zimelehemiwa upya, mara mbili mguuni, mkia upande wa shoto, na uzi mwekundu umezikamata zangu na zake zikawa kitita kimoja.

Mtoto wa kaka akachungulia juu ya bega langu. "Shangazi, huyu kakuharibia au kakusahihisha?"

"Nyamaza wewe," nikasema. Katika dunia hii aliyewahi kuthubutu kufumua kazi yangu ni mmoja.

Kesho yake nikapiga moyo konde nikasafiri. Chumba kilikuwa nyuma ya fundi viatu, mwisho wa ujia mwembamba, na moshi wa utomvu ulinipokea kabla ya mlango. Alikuwa amenipa mgongo. Ulikuwa mgongo wa mama yetu, na shingo ya mama yetu, imeinama mezani. Hakugeuka.

"Funga mlango," akasema. "Siku hizi unamwaga lehemu nyingi. Macho?"

"Macho yangu mazima."

"Muongo. Kaa."

Kabla ya kukaa nilimgusa bega. Nawaambia kweli, niligusa kwa ncha ya kidole, nione kama kitapita. Hakikupita. Bega lilikuwa la moto.

"Mbona hukurudi?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nimekufa. Basi lile lilinitapisha, nikashuka njiani, nikapata lori. Wiki ya sita nasikia nimezikwa. Nikasema, dada akishasema, nani wa kubishana naye?"

"Hata mama alipokufa?"

"Mama nilimzika. Nilisimama nyuma kabisa, nimejifunika mpaka macho. Na kaburi langu nililiona. Umelipalilia vizuri." Chuma mkononi mwake kilikuwa kinafuka, hakukigusisha kitu. Ndipo akageuka. "Dada, yule mle ndani ni nani?"

Hakuuliza kwa hasira. Angeuliza kwa hasira ningemrudishia hasira. Miaka yote ile nilikuwa nikimng'olea mtu majani kichwani huku namwita jina lisilo lake, na yeye amelala tu, hana wa kumwambia kwamba siye.

Jumatatu tulikwenda wote wawili kwenye hospitali ile. Karani alikuwa binti mdogo, siku ile ya moto hajazaliwa.

"Shikamooni. Niwasaidie nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kurekebisha. Kuna maiti niliitambua hapa, nikakosea."

"Na huyu mwenzako?"

"Mimi ndiye maiti," mdogo wangu akamjibu.

Binti akasogeza kiti chake nyuma. Akatucheka, akaona hatucheki, akaenda kutafuta daftari. Lilikuwa kubwa, limeliwa na mende pembeni. Akapekua mpaka akaufikia ukurasa, na pale kwenye ukurasa palikuwa pamebanwa barua. Tatu. Za miaka mitatu tofauti, mwandiko mmoja.

"Tusomee," nikasema.

Akasoma. Mama mmoja alikuwa akimuulizia binti yake, alipanda basi lile, ni mfupi, ana bangili ya shaba, kama yupo hospitalini aambiwe mama yake amemsamehe arudi. Anwani ilikuwa ya mtaa wa nyuma ya stesheni, mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Tulikwenda kwa miguu mpaka tukaiona nyumba. Mlango ulikuwa wazi, nusu.

"Nani ataongea?" mdogo wangu akaniuliza.

"Mkubwa ni nani?"

Nikapiga hodi. Alitoka bibi kizee, amekauka, anashika ukuta. Mimi hakuniona kabisa. Alimtazama mdogo wangu, kimo chake, kisha mkono wake wenye bangili, na uso wake wote ukafunguka.

"Umekuja," akasema. Akamshika mkono kwa mikono miwili. "Nilijua. Ingia mwanangu, mbona umesimama nje?"

Mdogo wangu akanigeukia. Hakuuvuta mkono wake.

"Mama," nikasema, "siye huyu. Niangalie mimi. Nina jambo nililokosea, naomba unisikilize."