Siku Nilipomruka Editha

Utotoni mwangu, kule Lundo kando ya Ziwa Nyasa, kitu nilichokiweza kuliko hesabu na katekisimu kilikuwa kuruka. Nikiwa na miaka kumi na mmoja niliruka kamba mpaka wenzangu wakachoka kuizungusha, na kwenye shimo la mchanga shuleni niliwapita hata wavulana wa darasa la saba. Mwalimu wa michezo alishaandika jina langu kwenda mashindanoni Mbinga. Nilikuwa sijawahi kufika Mbinga, na niliisubiri safari ile kuliko nilivyosubiri Krismasi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Wafanyabiashara walianza kuja na malori mpaka ufukweni kununua usipa, vidagaa vyetu vya ziwani, na kila kaya ikawa inaanika kama imepagawa. Alasiri moja mimi, Mama na Bibi tulikuwa tunageuza usipa mchangani. Mdogo wangu Editha, wa miaka minne, alikuwa ameketi njiani, kanyoosha miguu. Honi ya lori ikalia. Mama akaniita nimpelekee gunia upesi. Nikalibeba, nikamruka mtoto, nikatua upande wa pili. Niseme kweli: niliruka juu kuliko ilivyohitajika, kwa maringo.

"We Otilia!" Bibi akapiga kelele. "Umemruka mwenzio! Rudi ulikopita, umruke tena kabla hajainuka. Unataka adumae?"

Sote tuliijua imani hiyo. Ukimruka mtu miguu usirudi, umemkatia kimo chake pale pale. Kurudi kungechukua sekunde moja tu. Lakini Mama naye alikuwa anaita, "Gunia! Lori linaondoka!" Nikakimbilia kwa Mama. Nilipogeuka, Editha alikuwa ameshasimama, analifuata lori kwa vijiguu vyake vyembamba.

Editha hakukua. Ndivyo ilivyokuwa, wala sina namna ya kuipamba. Wenzake walipoanza shule, yeye gauni lake la miaka minne lilikuwa bado linamtosha. Nilimruka akiwa amelala, nikamruka akiwa anakula, huku na huku, nalia. Bibi akasema nimechelewa. Baba akaenda shuleni kufuta jina langu.

"Huyu kuruka kwake kumeshatosha," alimwambia mwalimu mbele yangu.

Kamba yangu ikafungiwa mbuzi. Mama hakunipiga wala kunigombeza, na kwa miaka mingi nilimshukuru kwa hilo.

Mwaka juzi tulimzika Mama. Tulipokuwa tunapanga vitu vyake, mimi na Editha tulikuta kadi ya kliniki ya Editha ndani ya sanduku la vitenge. Mstari wa uzito ulipanda vizuri mwaka wa kwanza na wa pili, kisha ukaanza kushuka kwenye rangi ya kijivu, ya watoto waliopungua uzito, mwaka ule malori yalipoanza kuja. Mwaka mzima kabla sijamruka. Pembeni nesi alikuwa ameandika: "Mtoto apewe samaki." Mama alijua kusoma, ndiye aliyesoma masomo kanisani Jumapili.

Samaki! Tulinuka samaki mpaka kwenye nywele, na jioni tulikula ugali wa muhogo na majani ya maboga, kwa sababu usipa wote ulikuwa wa lori. Simlaumu Mama kwa kuuza. Baba alitaka bati, sote tulitaka bati. Namlaumu kwa kukaa kimya akaniacha nibebe lawama. Hilo sijamsamehe, na nimejaribu.

Nilimpa Editha kadi. Sasa ana watoto wawili, na wa kwanza ameshampita kimo. Aliisoma taratibu, akairudisha sandukuni.

"Kwa hiyo si wewe," akasema.

"Si mimi."

"Mimi nilishakusamehe zamani, Dada. Sasa ule msamaha nimpe nani?"

Nikainuka kutoka nje. Mwanawe mdogo alikuwa ameketi mlangoni, kanyoosha miguu, anachezea kifuniko cha soda. Kadi nilikuwa nimeisoma kwa macho yangu mwenyewe. Hata hivyo nilisimama pale, nikangoja mpaka mtoto akakunja miguu, ndipo nikapita.