Koti la Kafa Ulaya na Mzinga wa Ilemba

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema mapema ili msomaji asije akategemea safari nyingi. Nilipomaliza kidato cha nne wenzangu walitawanyika, huyu Mbeya, yule Dar es Salaam, mmoja akavuka mpaka hadi Zambia na kurudi na lafudhi. Mimi nilifika jikoni kwangu Pito, nikapapenda. Mume wangu alizoea kuwaambia watu kwamba nikitumwa Izia, hapo jirani, kununua chumvi, naaga kama askari anayekwenda vitani.

Ndiyo maana majirani walishangaa waliposikia kwamba nimeshuka naye hadi Ilemba kufuata mzinga wa nyuki.

Ghala la ushirika ambako mume wangu alikuwa akipima mahindi lilikuwa limefungwa. Mizani ilibaki ndani, kufuli nje. Wachuuzi walikuwa sasa wanakuja na malori yao hadi shambani, na magunia yao ya kujaza mpaka yaote kichwa. Walisema biashara ni huria. Mume wangu akasema hata yeye yuko huria, maana hana pa kwenda asubuhi.

Nyumba niliyoipenda kwa utulivu wake ikawa na mtu anayezunguka. Alichonga mizinga ya magogo, akaitundika kwenye miti michache tuliyo nayo, akasubiri nyuki wahamie. Pito kuna upepo kuliko miti. Waliohamia ni buibui. Kisha ikaja habari kwamba mzinga wa marehemu mjomba wake, kule Ilemba bondeni, bado una nyuki wengi, ila mti unakatwa kwa sababu shamba limepata mwenyewe mpya.

"Hawa ndio mbegu," aliniambia. "Wakikubali hapa, nitawagawa mpaka mizinga yote ijae. Wakikataa, naenda machimboni."

Alilisema polepole, kama mtu anayesema kesho huenda kukawa na umande. Machimbo ya dhahabu upande wa Mpanda tulikuwa tunayajua kwa waume za watu. Mmoja alirudi na redio. Wa pili alituma redio, yeye hakurudi. Wa tatu hatukusikia lake wala la redio.

Basi niliposhuka naye Ilemba haikuwa kwa mapenzi ya nyuki. Nilifikiri mtu ukimsindikiza kwenda na kurudi, huenda akazoea kurudi.

Mwenye shamba alikuwa mfugaji, familia yake imetoka kaskazini magharibi na ng'ombe wao. Alitupa maziwa ya mgando, akatuombea lifti kwenye lori la mpunga. Tulipakia alfajiri, nyuki wote wakiwa ndani na tundu lao limezibwa kwa nyasi. Wakati wa kuinua gogo, kifuniko cha nyuma kilipasuka kipande. Nyuki wakaanza kuchungulia. Mume wangu akaangalia huku na huku, akaona koti langu.

Koti hilo lilikuwa kafa Ulaya la sufu, refu, nililolichagua mwenyewe kwenye rundo la mitumba mjini. Aliyekufa nalo, kama kweli alikufa, alikuwa mnene na mpenda kujaza mifuko, maana mfuko mmoja ulikuwa umetoboka na kila nilichotia humo kilitumbukia kwenye bitana. Bondeni kuna joto hata kabla ya jua. Nilikuwa nimelibeba mkononi kama mjinga. Nililitoa kwa moyo mweupe, akalisokomeza kwenye ufa.

Lori likaanza kupanda. Anayeujua ukingo wa Ufipa anajua kinachotokea: kila kona unaongezewa baridi. Tulipofika juu, upepo wa kipupwe ulikuwa unatungojea.

"Baba watoto, nipe koti langu."

"Koti liko kazini."

"Basi utanizika nikiwa likizo."

"Mtu wa Pito utakufaje kwa baridi ya Pito?"

Lakini alinitazama, akaona meno yanavyogongana. Akavua shati lake la juu, akachomoa koti na kuziba ufa kwa shati. Nililikung'uta, wakaanguka nyuki watatu wanne. Nikalivaa, nikashukuru, nikalala kwenye magunia.

Jioni mzinga ukawekwa juu ya magogo mawili nyuma ya nyumba, karibu na matuta yetu ya mviringo ambayo majani tuliyoyafukia yalikuwa bado yanaoza chini ya udongo. Nikatundika koti pale linapotundikwa siku zote, kwenye msumari wa jikoni juu ya mafiga, maana napenda kulivaa likiwa na moto.

Asubuhi nyuki waliamka vibaya. Walipanda na kushuka mbele ya tundu, wakaingia na kutoka bila mzigo, kama watu waliokuta ofisi imefungwa. Mume wangu akamwita baba yake mdogo, ambaye amefuga nyuki tangu ujana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe. Nimesikia ulisafiri. Tukaulizana nyumbani, nani kafariki?"

Aliweka sikio kwenye gogo. Utani ukamtoka usoni.

"Nyuki wenye mama, malkia wao, huvuma," alisema. "Hawa wanalia."

Wakafungua nyuma kwa moshi kidogo. Masega ya watoto yalikuwa yamevunjika njiani, yamelowa asali, hakuna kilichopona. Mimi nikakumbuka biolojia: nyuki wakifiwa na malkia huweza kulea mwingine kutoka kwenye yai. Nikasema. Wote wawili wakanigeukia.

"Na yai liko wapi, msomi?" mume wangu akauliza.

Nikatazama masega. Daftari langu halikuwa limefika huko.

"Ningekuwa na watoto wa nyuki ningewakatia kipande cha sega," baba mdogo akasema. "Wangu walihama. Tumtafute."

Walitafuta kwenye nyasi, chini ya magogo, kati ya matuta, kwenye shati lililoziba ufa. Walilipekua shati lile kama polisi. Mwishowe baba mdogo akajinyoosha mgongo.

"Kaangukia mtelemkoni huyo. Saa hizi sisimizi wamekwisha kula msiba."

Mume wangu aliingia ndani. Nilikuwa mlangoni na nikasikia zipu ya begi lake, ile kubwa, ikifunguka mwanzo hadi mwisho.

Sina la kupamba kuhusu saa ile. Nilienda jikoni kwa sababu sijui pengine pa kwenda. Jua lilikuwa limekwisha kupata nguvu, na nyuki walikuwa wanaingia kwa dirisha la moshi. Nilivilaumu vipande vya masega nilivyoviweka kwenye sufuria, nikafunika sufuria. Wakaendelea kuja. Baba mdogo hakuyaona hayo: kwetu baba mkwe haingii jikoni kwa mkamwana, hata nyumba ikiungua ataanza kwa kubisha hodi. Nami sikuwa na akili ya kuwaza. Nilihisi baridi ya mtu anayeachwa. Nikavaa koti, nikachukua ungo wa ulezi, nikaenda kukaa juani kuegemea ukuta, nipepete.

Nyuki mmoja akatua begani. Kisha wengine. Sikuwafukuza, niliona ni stahili yangu. Halafu kola ikawa nzito.

Baba mdogo alikuwa anaaga. Alisimama katikati ya uwanja.

"Mkwe," alisema kwa sauti ndogo. "Usitikisike."

"Sitikisiki, baba."

"Unaye wewe. Yumo kwenye nguo yako. Mwite mwenzako."

"Siwezi kupaza sauti. Wako shingoni."

Angeweza kuja. Alijua la kufanya kuliko sisi wote, ila koti la mkamwana hakuwahi kuligusa tangu azaliwe na hakuwa tayari kuanza leo. Akageuka, akanipa mgongo kwa heshima yote, akamwita mwanawe. Mume wangu akatoka na suruali iliyokunjwa mkononi, akiwa bado anapaki. Alipoona, aliiacha ianguke.

"Mvue taratibu," baba mdogo alisema akiutazama mlima. "Bila pumzi kali. Mpaka wapi sasa?"

"Vifungoni, baba mdogo."

"Nimeuliza nyuki."

"Wamejaa mgongoni. Wengine wanaingia mfukoni."

Maisha yangu yote nimesimangwa kwa kukaa. Siku hiyo nilikaa kwa manufaa ya ukoo. Mmoja alinichoma nyuma ya sikio, mwingine kidoleni, machozi yakashuka na sikuyapangusa. Uso wa mume wangu ulikuwa karibu kuliko miezi yote ile. Vidole vyake vilikuwa kwenye kifungo cha chini.

"Zipu nimeisikia," nikamwambia.

"Usiongee."

"Nimeisikia tu."

Akafungua kifungo. Akalitoa koti begani kwa bega, mkono kwa mkono, kama anavyovuliwa mgonjwa, nikabaki na gauni langu na upepo.

Alilibeba akilitandaza kwenye mikono yote miwili, akalilaza mbele ya mzinga, akachana bitana kwa wembe, pale mfuko ulipotoboka. Baba mdogo aliruhusiwa kugeuka. Wakainama pamoja. Mimi nilimwona malkia kwa mbali kidogo: mrefu kuliko wenzake, mbawa fupi kama kizibao kisichomtosha, akitembea juu ya sufu ya watu bila haraka yoyote, huku wengine wakimpisha na kumfuata. Akaingia tunduni. Wakaanza kuingia nyuma yake, wengi, kwa miguu. Baba mdogo akaweka tena sikio.

"Je?" mume wangu akauliza.

"Subiri." Alisubiri sana. "Wanavuma. Lakini ni mapema. Masega hawana, na baridi hii. Wanaweza kukaa, wanaweza kuinuka kesho."

Akaaga, akaondoka. Koti halikuweza kuondolewa pale, lilikuwa bado na nyuki kwenye mikono. Nilisimama nikitetemeka, sikio limevimba, ulezi umemwagika. Mume wangu aliniangalia. Akaingia ndani. Zipu ikalia tena. Alirudi na sweta lake zito, lile moja alilo nalo, ambalo huko machimboni lingemfaa, akalitupa mabegani mwangu na kwenda kuokota suruali uwanjani.

Begi lenyewe hakulipakua. Lilibaki chini ya kitanda, limefungwa, limevimba. Nyuki hawakuinuka kesho yake, wala hawakufanya lolote la kumfurahisha mtu. Walikaa kimya humo, wakitoka wachache jua likipanda. Tuliwawekea asali iliyotiwa maji. Hatukuzungumza kuhusu Mpanda. Kila asubuhi nikifagia nililisukuma begi kwa kichwa cha fagio, likagoma kusogea, nikaendelea kufagia.

Mvua zilipoanza, nyuki wafanyakazi walirudi mzingani na chavua ya njano miguuni. Baba mdogo alisema hiyo maana yake kuna watoto wa kulishwa. Nilirudi ndani kufagia. Nilisukuma begi kama kawaida, kwa nguvu ile ile niliyoizoea, likateleza jepesi, limenywea, mpaka likagonga ukuta.