Taa ya Zambarau ya Sonara

Sonara yule huongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyeketi karibu na mgonjwa, na kila akishika jiwe hulipuliza, hulifuta kwa ncha ya shati, kisha hulipuliza tena. Nilikuwa nimeshachagua almasi ya pete ya mchumba wangu alipoinuka ghafla akavuta pazia. "Baba, mteja ameshapenda," mkewe akamwambia kutoka kaunta. Vidole vya sonara vilipapasa swichi mara mbili ndipo akawasha taa ndogo ya zambarau ya kupimia mawe, na almasi yangu ikawaka buluu. Nikauliza, "Ni ya bandia?" "Ni ya kweli, mwanangu. Nyingi huwaka hivi na hazina neno, ila hii imezidi, na inayozidi hufifia juani. Twende juani ukaione."

Nje, jiwe lilikuwa na ukungu, kama maji yaliyosuuziwa glasi ya maziwa. Yeye hakulitazama, alinitazama mimi usoni, jasho likimchuruzika shingoni. "Wengine hulipenda hivyo hivyo," akasema. "Lakini sitaki uje kuligundua hilo siku ya harusi." Nikamwambia silitaki. Akashusha pumzi, akaniomba tubaki pale nje kidogo, mpaka apate la kumwambia mkewe.